Shilingi mia za baba



Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa Magoma. Kwa wasiopajua, Magoma ipo Korogwe mkoani Tanga, kwenye bonde la mto Lwengera. Upande mmoja una Usambara ya Magharibi, ile ya Lushoto na Vugha, na upande wa pili Usambara ya Mashariki, na wewe upo katikati kwenye joto na mkonge. Ndiko kwao mama yangu. Nilikwenda kwa ajili ya arobaini ya bibi, nikarudi na swali ambalo mpaka leo linanisumbua.

Jioni moja baada ya shughuli kuisha, mjomba wangu mkubwa aliniita pembeni. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akakaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Wewe si ndiyo mwandishi wa habari? Hebu niambie, sheria inasemaje kwa mtu kama mimi?"

Mtu kama yeye maana yake ni hii. Mjomba alizaliwa mwaka 1964, kabla bibi hajaolewa na babu yangu. Aliyemzaa alikuwa mkata mkonge kutoka Kigoma. Kijiji kizima kinajua, bibi mwenyewe hakuwahi kuficha, na babu alimuoa akijua. Lakini jina la pili la mjomba si la yule mkata mkonge wala si la babu yangu. Ni la baba yake bibi. Yaani kwa majina, mjomba na mama yake ni kama kaka na dada. Watu wote wanajua baba yake ni nani, sheria peke yake ndiyo haijui.

Nilimwambia, "Nipe muda mjomba, nitatafuta." Nimetafuta. Haya ndiyo niliyoyapata, na niseme mapema kwamba habari yote inazunguka shilingi mia moja.

TUANZE NA WAZEE WA ZAMANI

Ukienda Usambara utasimuliwa habari za Mbegha, mwindaji aliyekuja kuwa mtawala wa kwanza wa Wakilindi. Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy aliyaandika masimulizi hayo katika Habari za Wakilindi. Mbegha alizaliwa Nguu, akaota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mtoto wa mkosi, na mila ilitaka asiachwe hai. Wazazi wake wakamficha. Walipofariki, ndugu wakaitoa siri hadharani ili wamnyime urithi. Akaondoka na mbwa wake na silaha zake za kuwindia, mwisho akafika Usambara, na watu waliomlisha na aliowalisha nyama wakamfanya mkubwa wao.

Angalia jambo moja hapo. Hakuna aliyebisha kwamba Mbegha ni mtoto wa baba yake. Damu haikuwa na mjadala. Kilichobishaniwa ni kama ukoo unamtambua. Hayo ni mambo mawili tofauti, na sisi vijana wa mjini tunaoamini kipimo cha vinasaba kinamaliza kila kitu tunayachanganya mara nyingi.

Kwa jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, Wasambaa wakiwemo, mtoto alikwenda na mahari. Aliyetoa mahari ndiye aliyekuwa na haki ya kuitwa baba wa watoto wa mwanamke yule. Asiyetoa, hata kama mtoto amefanana naye masikio na kidevu, hakuwa na neno. Mtoto alibaki kwa babu yake mzaa mama na wajomba zake. Hakutupwa. Alikuwa na nyumba, shamba na watu wa kumsemea. Lakini aliishi kwa wajomba, na huko ilitegemea sana moyo wa wajomba wenyewe.

Mpango huo ulifanya kazi mahali ambapo watu wanajuana. Kama kijana wa kijiji cha pili amempa binti mimba, wazee wanajua waende kwa nani. Kisha ukaja mkonge.

MANAMBA

Mkonge uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Mimea iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hapo ukasambaa Tanga yote mpaka vilimani. Mkonge unataka watu wengi wa kukata, na wenyeji wa Usambara walikuwa na mashamba yao mlimani, hawakuwa na haraka ya kwenda kukata majani yenye miiba kwa ajili ya mtu mwingine. Ikabidi watu watafutwe mbali, Kigoma, Songea, Mbeya, Rwanda na Burundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha kabisa ofisi ya kuwakusanya, ikajulikana kwa kifupi SILABU. Waliokuja kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba.

Mtu wa namba alikaa kambini, anajaza kipande chake cha siku thelathini, analipwa, anaanza kingine. Wengine walikuja na wake zao, wengi walikuja peke yao. Mkataba ukiisha, kuna aliyerudi kwao na kuna aliyebaki. Katikati ya hayo watoto walizaliwa. Utafanya nini hapo na mila inayosema "wazee waende kwa wazee wa kijana", wakati wazee wa kijana wapo mwisho wa reli, Kigoma? Na kijana mwenyewe kesho anaweza kuwa shamba jingine?

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema watoto wa nje ya ndoa wameletwa na televisheni na utandawazi, huwa nacheka tu. Wameletwa na mengi, na mojawapo ni kazi ya mshahara iliyowatoa wanaume kwao na kuwaweka kambini bila familia.

SHERIA YA WAINGEREZA

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na jibu lake. Mwaka 1949 Tanganyika ilipata sheria ya kumtambua baba wa mtoto wa nje ya ndoa, Affiliation Ordinance. Ilikuwa mjukuu wa sheria za Uingereza zilizoanzia mwaka 1576, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Na kule Uingereza lengo la kwanza halikuwa mapenzi kwa mtoto. Masikini walitunzwa kwa kodi ya parokia, na walipa kodi hawakutaka kumlisha mtoto ambaye baba yake yupo na ana nguvu. Wakasema atafutwe, alipe.

Sheria yetu ilirithi roho hiyohiyo. Mwanamke asiye na mume aliweza kwenda kwa hakimu akiwa mjamzito au ndani ya miezi 12 baada ya kujifungua, akamtaja mwanaume. Ukipita muda huo, mlango ulibaki wazi kama tu mwanaume alishatoa fedha za matunzo ndani ya mwaka ule wa kwanza. Na neno lake peke yake halikutosha. Ilitakiwa ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, barua kwa mfano, fedha zilizotumwa, au mtu aliyesikia mwanaume akikiri. Hebu fikiria binti wa bondeni na mkata mkonge ambao wote hawajui kusoma. Barua gani hiyo?

Akishinda kesi, hakimu aliamuru mwanaume atoe matunzo. Kikomo chake kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi. Kumbuka hiyo namba.

Halafu angalia sheria ilichokuwa inatoa. Ilitoa fedha. Haikumpa mtoto ukoo wa baba wala urithi. Baba akishalipa, amemaliza. Mwanaume naye, hata kama anampenda mwanawe kufa, hakupata chochote humo zaidi ya deni la kila mwezi.

MIA YA PILI

Uhuru ukaja. Serikali mpya ya Tanganyika ilikuta makabila zaidi ya mia, kila moja na mila yake, na mahakama za machifu zinaondolewa. Ikaamua kuziandika mila na kuzifanya ziwe moja. Kazi ilianzwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mambo ya jamii na mila. Cory alifariki mwaka 1962, lakini mwaka uliofuata kanuni zikatoka kwenye gazeti la serikali kama Tangazo namba 279 la mwaka 1963, kwa ajili ya jamii zinazofuata ukoo wa baba katika halmashauri zilizozikubali. Tangazo jingine, namba 436, likashughulikia ulinzi wa watoto, wosia na urithi.

Humo ndimo niliposhtuka. Kanuni zinasema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni wa upande wa mama yake. Baba akitaka kumhalalisha ana njia mbili. Ya kwanza amuoe mama wa mtoto, wakati wowote. Ya pili, kama hamuoi, amlipe baba wa binti shilingi 100. Na hiyo ya pili ina muda wake. Lazima alipe kabla mtoto hajaachishwa ziwa.

Soma tena hapo mdau. Kabla mtoto hajaachishwa ziwa.

Kwa haki ya kusema ukweli, kanuni hizo zilikuwa na jambo moja zuri kwa mama. Mwanamke alikuwa na haki ya kumtaja baba wa mtoto, na aliyetajwa hakuweza kukana kirahisi. Yeye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba hakuwahi kulala na huyo mwanamke. Ni kinyume kabisa na sheria ya Waingereza iliyomtwisha mama mzigo wa ushahidi. Lakini kwenye urithi kanuni zilikuwa kali. Mtoto ambaye hajahalalishwa hakuwa na fungu upande wa baba kama baba amekufa bila wosia.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa mwaka 1963 nchi ilikuwa na mia mbili za aina mbili. Mia ya kwanza ni ya kila mwezi, kikomo cha kumlisha mtoto bila kumpa ukoo. Mia ya pili ni ya mara moja, inampa mtoto ukoo na haimhakikishii chakula. Na zote mbili zilikuwa mazungumzo ya watu wazima, mama na hakimu, au baba na babu. Mtoto mwenyewe hakuulizwa popote.

SASA TURUDI MAGOMA

Mjomba alizaliwa 1964, mwaka mmoja tu baada ya kanuni hizo. Bibi alinisimulia kisa hiki zaidi ya mara moja, na kila mara alikisimulia bila uchungu, kama mtu anayeeleza habari za mvua ya mwaka fulani.

Yule mkata mkonge hakukimbia. Alikuja kumwona mtoto, akaleta kanga na sabuni, akasema anakusanya fedha. Alitaka kuoa. Baba yake bibi hakutaka binti yake aolewe na mtu asiyejulikana ukoo wake, tena wa mbali vile. Akamwambia alete mia kwanza ya mtoto, ya ndoa yatazungumzwa baadaye.

Miaka ile shilingi 20 zilikuwa pauni moja ya Kiingereza, kwa hiyo mia ilikuwa pauni tano. Kwa mtu wa kipande hizo hazikuwa fedha za kuchomoa mfukoni. Na bahati haikuwa upande wake. Kuanzia mwaka 1964 bei ya mkonge ilianza kuporomoka kwenye soko la dunia, nyuzi za viwandani zikaja kuuziba kabisa. Mashamba yakapunguza watu. Akapunguzwa, akaondoka kwenda kutafuta kazi kwingine.

Akarudi mwaka 1970. Bibi alikuwa ameshaolewa na babu yangu. Yule bwana alikuja na mia yake imekunjwa kwenye kitambaa, akafuatana na mzee mmoja wa kambini wa kumsemea. Baba yake bibi akawapokea vizuri, wakapewa maji, wakala. Halafu akasema, "Mtoto ameacha ziwa siku nyingi. Sasa hivi yuko malishoni anachunga mbuzi wangu."

Wakaenda kwa mmoja wa wazee wa baraza la mahakama kuuliza. Naye akawaambia vilevile, muda umepita. Yule bwana akaomba amwone mtoto. Akaitwa kutoka kwenye mbuzi, akasalimia, akarudi kwenye mbuzi. Mjomba anaikumbuka siku hiyo. Anakumbuka kitambaa.

Nimejiuliza sana nani alikosea pale, na sijapata wa kumlaumu. Mzee alimlea mjukuu wake miaka sita bila msaada. Kijana alitafuta fedha alizoambiwa atafute. Wote wawili walifuata sheria, na mtoto ndiye aliyekosa baba siku hiyohiyo baba alipokuja.

MIA INAVYOLIWA NA MIAKA

Ile mia ya kila mwezi nayo ilikuwa na yake. Bei zilipanda, shilingi ikashuka thamani, hasa kuanzia miaka ya 1980, lakini kikomo kwenye kitabu kilibaki palepale. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuja na mengi. Ilisema mwanaume ana wajibu wa kutunza watoto wake. Ilisema pia mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili na watu wakawachukulia kama mke na mume, wanadhaniwa kuwa wameoana, na mwanamke anaweza kudai matunzo yake na ya watoto. Hilo liliwasaidia wengi walioishi kinyumba. Lakini aliyepewa mimba na mtu ambaye hakuwahi kuishi naye alirudishwa kwenye sheria ya 1949 na mia yake.

Kufikia mwaka 2009 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 1,300. Kwa hiyo hakimu aliyefuata kitabu aliweza kumwamuru baba atoe, kwa mwezi mzima, fedha isiyofika hata senti kumi za dola. Wanasheria wanawake walilipigia kelele jambo hili miaka na miaka. Jamani, mia haikununua hata andazi.

Tusijione tuko peke yetu. Majirani zetu wa Kenya walipata sheria kama hiyo mwaka 1959, na mwaka 1969 Bunge likaifuta kabisa. Wabunge walilalamika kwamba wanawake wanaitumia kuwakomoa wanaume. Wakati ule bungeni hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, aliingia baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo. Ilibidi kusubiri Katiba ya mwaka 2010 iseme wazi kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi akabatilisha kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa mpaka baba mwenyewe aombe pamoja na mama.

Zanzibar walikuwa na njia yao, na ilikuwa ngumu zaidi. Sheria ya mwaka 1985 ilimwezesha mwanamke asiye na mume aliyepata mimba kufungwa jela. Ilibadilishwa mwaka 2005, kifungo kikatolewa na kazi za jamii zikawekwa mahali pake. Hebu fikiria mama kufungwa kwa ajili ya ushahidi ambao baba yeye hana mahali pa kuubebea.

2009, MTOTO ANAPEWA MDOMO

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ule wa Afrika mwaka 2003. Mwaka 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto, namba 21 ya mwaka huo, kwa Tanzania Bara. Ikafuta sheria ya 1949 na mia yake. Wengi wetu tunaijua kwa sababu ya kesi za matunzo, lakini mimi naona kubwa zaidi liko kwingine.

Sheria hii inaruhusu maombi ya kuthibitisha nani mzazi wa mtoto, na wanaoweza kuomba ni mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi, afisa ustawi wa jamii au mtu mwingine mwenye maslahi. Mtoto mwenyewe! Kwa mara ya kwanza aliyekuwa anagombaniwa anaweza kusimama na kuuliza. Na "mzazi" ni pamoja na baba. Mwanaume anayenyimwa mtoto wake na wakwe ambao hawakuwahi kuwa wakwe anaweza naye kwenda mahakamani, akaomba atambuliwe, aruhusiwe kumwona mtoto, hata kuomba kukaa naye. Mtoto wa chini ya miaka saba kwa kawaida huachwa kwa mama, ila si lazima kama kuna sababu nzito. Kinachoangaliwa kwanza ni faida ya mtoto.

Ushahidi nao umepanuka. Mahakama inaweza kuangalia jina lililoandikwa kwenye rejesta ya vizazi, sherehe ya kimila ambayo baba aliifanya kwa ajili ya mtoto, kama alimtambua hadharani, na majibu ya vinasaba. Na mtu akikataa kupimwa, kukataa kwenyewe ni ushahidi.

Kuhusu vinasaba, kipimo hiki kinatokana na ugunduzi wa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester mwaka 1984. Mwaka 1985 kilitumika kwenye kesi ya uhamiaji ya kijana wa familia ya Kighana aliyekataliwa kuingia Uingereza, kikasaidia kuonyesha kwamba ni mtoto wa mama yake kweli. Kwetu kinasimamiwa na sheria ya vinasaba, nayo ya mwaka 2009, kupitia Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hauendi tu na mtoto mkononi ukaomba. Unapitia kwenye vyombo vinavyotambuliwa, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili. Na mkisikia takwimu za watoto ambao "si wa baba zao", kumbukeni waliokwenda kupima ni wale waliokuwa na mgogoro tayari. Haziwahusu wanaume wote wa mtaani kwenu, msije mkavunja nyumba zenu bure.

Je, mambo yamekwisha? Bado. Kanuni za 1963 za urithi hazijazikwa. Na kwa Waislamu, ambao ni wengi kule bondeni, nasaba inafuata ndoa. Mtoto wa nje ya ndoa anarithi upande wa mama, siyo wa baba, ingawa baba anaweza kumwandikia wosia ndani ya theluthi. Sheria ya Mtoto inasema mtoto asinyimwe manufaa ya mali ya mzazi wake, lakini mahakama kwenye mirathi huangalia pia marehemu aliishi kwa dini au mila gani. Kuthibitisha baba ni nani na kurithi kwa baba bado ni milango miwili tofauti, kama enzi za Mbegha.

NILICHOMJIBU MJOMBA

Nilimpigia simu wiki iliyopita. Nikamweleza kwamba sheria ya sasa inamruhusu mtu kuomba kabla hajafika miaka 18, na akishapita 18 anahitaji kibali cha mahakama. Na kama mzazi amefariki, maombi yafanyike ndani ya miaka mitatu. Yule bwana wa kitambaa alifariki Kigoma, habari zilifika Magoma miaka ya 1990 kupitia mtu aliyekuwa naye kambini.

Mjomba alinyamaza. Halafu akacheka kile kicheko chake kifupi. "Kwa hiyo mara ya kwanza nilichelewa kwa sababu nimeacha ziwa. Na mara hii nimechelewa kwa sababu yeye amekufa."

Nikamuuliza kwa heshima, mjomba, ulikuwa unataka nini hasa? Shamba? Akasema shamba analo, babu yake alimpa sawa na wanawe na hakuna aliyewahi kumsimanga. "Wajukuu wangu wako Dar, wako Dodoma, wanasoma na watu wa kila mahali. Mimi nataka kujua ukoo, nisije nikamuozesha mjukuu wangu kwa ndugu yake. Na yule mzee alikuja. Nataka iandikwe mahali kwamba alikuja."

Sina mahakama ya kumpelekea. Lakini nimemwambia kuna njia isiyohitaji hakimu, kutafuta ndugu wa yule mzee Kigoma na kuzungumza nao. Vinasaba vya watu wa upande mmoja vinaweza kulinganishwa nao wakikubali. Itampa jibu hata kama haitampa jina. Likizo ijayo tunapanda treni ya reli ya kati mimi na yeye.

Kwenu vijana wenzangu mliozaa na hamjaoana, na tuko wengi tu, neno langu ni dogo. Nendeni wote wawili mkaandikishe cheti cha kuzaliwa, jina la baba na la mama, mtoto akiwa bado ananyonya. Ugomvi wenu utaendelea baadaye kama mnaupenda. Dada, ukimnyima baba kumwona mtoto, unaweza kumkomoa baba, lakini atakayekuuliza miaka hamsini ijayo ni mtoto. Kaka, usisubiri mpaka upate fedha ya kutosha ndiyo ujitokeze. Kuna mtu alisubiri hivyo, akafika na mia yake akaambiwa mtoto yuko malishoni.

Na kwa kuwa mjomba alitaka iandikwe mahali, basi hapa. Mwaka 1970, Magoma, alikuja.

Naomba kuwasilisha.